Laptopu Nyembamba ya ARM Katika Joto la Kaskazi

Laptopu ya nyumbani hapa Mombasa ina maisha magumu kuliko yale ambayo wapimaji wengi wa mitandaoni huyafikiria. Wao huiweka juu ya meza safi, kiyoyozi kinavuma, chaja iko ukutani, kisha wakahesabu inamaliza kazi fulani kwa sekunde ngapi. Kwetu hufunguliwa kitandani, mkekani, barazani jioni, na mara nyingi mapajani. Kaskazi ikishika, mwezi wa pili na wa tatu, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na chumba kilichoezekwa bati hupita hapo bila taabu. Apple imeandika wazi kwamba MacBook Air imeundwa kutumika mahali penye joto la nyuzi 10 hadi 35. Ichukue hiyo namba ya juu, kaa nayo Majengo au Kisauni saa nane ya mchana stima ikiwa imepotea, utaona tuko karibu na ukingo kiasi gani.

Ndiyo maana laptopu huipima kwa mambo matatu: inafanyaje chumba kikiwa cha moto, inafanyaje ikiwa haijachomekwa, na je, itaelewana na vitu ambavyo tayari vimo nyumbani? Kasi huja baadaye. Kwa hayo mawili ya mwanzo, laptopu nyembamba zenye prosesa za ARM, jamii ile ile ya prosesa za simu, zimeniridhisha kabisa. La tatu ndilo lenye maneno mengi, nalo ndilo ninalotaka watu walijue kabla hawajatoa pesa.

Swali hili limekuwa la wengi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Nyumba nyingi za mjini hapa zina laptopu za ex-UK, zilizotumika maofisini kwa wenzetu, zikasafishwa na kuuzwa kwa bei ambayo mzazi anaweza kuihimili. Nyingi kati ya hizo zina prosesa za Intel za kizazi cha sita au cha saba, na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Zinawaka, zinaandika barua, watoto wanafanyia kazi za shule, lakini marekebisho ya usalama hayaji tena isipokuwa kwa aliyejisajili kwenye muda wa nyongeza, nao una mwisho wake. Mtu ambaye laptopu hiyo hiyo ndiyo anayofungulia akaunti ya benki na eCitizen asilichukulie jambo hili kwa wepesi.

Basi watu wanatafuta mpya, na dukani wanakutana na jina Snapdragon, prosesa za ARM za kampuni ya Qualcomm, ambalo wamelizoea kwenye simu. Shangazi yangu, anayeshona na kutarizi kanzu na madera Mji wa Kale, aliniuliza, "Mwanangu, hii ni simu waliyoikuza wakaitia kibodi?" Ni swali la haki, na halina jibu la ndiyo au la.

Asili ya ARM ni Cambridge, Uingereza, kwenye kampuni iliyoitwa Acorn, wale waliotengeneza kompyuta za BBC Micro zilizoingia madarasani kule miaka ya 1980. Walipotafuta prosesa ya mashine yao iliyofuata, hawakuona sokoni iliyowaridhisha, wakaamua kuunda yao. Sophie Wilson alibuni amri zake, yaani lugha inayoelewa prosesa hiyo, Steve Furber akasanifu chipu yenyewe, na tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ikafika kutoka kiwandani ikafanya kazi. Walitaka itumie umeme kidogo kwa sababu ya gharama: chipu isiyopata moto sana inaweza kufungwa ndani ya plastiki, na plastiki ni rahisi kuliko kauri. Furber amesimulia kilichotokea alipoweka kifaa cha kupima umeme unaoingia kwenye chipu hiyo. Kilisoma sifuri. Njia ya umeme ya chipu haikuwa imeunganishwa, na chipu ilikuwa ikienda kwa umeme uliovuja kutoka kwa vifaa vilivyoizunguka.

Mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI, iliyokuwa ikiwatengenezea Acorn chipu hizo, zikaanzisha kampuni ya pekee ya kuusimamia mchoro huo. Haikujenga kiwanda. Kwa miaka mingi biashara yake imekuwa kuuza haki ya kutumia michoro na amri zake, na wengine ndio waliotengeneza chipu. Nokia 6110 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na ARM ndani, na baada yake karibu kila simu iliyopita mikononi mwetu. Simu uliyolipia nauli ya matatu kwa M-Pesa leo asubuhi inatumia ARM.

Kuhamia kwenye laptopu hakukuwa rahisi. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface RT, tableti yenye Windows ya ARM iliyokataa programu zote za kawaida za Windows, na mwaka uliofuata kampuni ikakiri hasara ya dola milioni 900 kwa mzigo huo. Apple ndiyo iliyogeuza mambo, Novemba 2020, ilipotoa M1, chipu ya ARM ya laptopu zake. Mmoja wa wasanifu wakubwa wa chipu za Apple, Gerard Williams, alikuwa ameshatoka mwaka 2019 na wenzake wakaanzisha kampuni ya Nuvia. Qualcomm ikainunua Nuvia mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.4, na kazi yao ndiyo iliyozaa kora, yaani vitengo vinavyofanya hesabu, zilizomo ndani ya Snapdragon X, zilizoingia madukani kwenye laptopu za Windows Juni 2024. Ukoo wa M1 na wa Snapdragon X, kwa hiyo, una watu wanaofahamiana. Ndiyo sababu sikubali mtu akisema hii ni chipu ya simu iliyochomekwa kwenye laptopu.

Husemwa pia kwamba ARM haili umeme mwingi kwa sababu amri zake ni za urefu mmoja, ilhali za Intel zina urefu tofauti tofauti. Ni kweli kuhusu amri, lakini sababu haiishii hapo. Teknolojia ya kiwanda inachangia, kumbukumbu kukaa karibu na prosesa inachangia, na zaidi ya yote, ustadi wa kuizima kila sehemu ya chipu isiyo na kazi kwa wakati huo. Wasanifu wa simu walilazimika kuujua ustadi huo kwa sababu simu ina betri ndogo na hukaa mfukoni.

Sasa joto. Ninayoitumia ni ya Windows, inchi 14, ina Snapdragon X Plus ya kora nane na RAM ya GB 16. Ina feni. Binamu yangu wa Tudor ana MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, isiyo na feni kabisa, na nyumbani kwake ipo bado laptopu ya zamani ya Intel. Tulizikusanya zote tatu sebuleni kwake adhuhuri, madirisha wazi, feni ya darini imezimwa, tukazipa kazi moja: kuibana video ndefu ya harusi kwa programu ya HandBrake ili ipungue ukubwa na iweze kutumwa kwa jamaa walioko Maskati. Video ya harusi ni kipimo kizuri. Haiishi haraka, na prosesa haipati nafasi ya kupumua.

Ile ya Intel ilianza kunguruma mara moja. Upande wa kushoto, penye tundu la feni, hewa iliyotoka ilikuwa ya moto hata ukauondoa mkono, na joto likatambaa hadi pale kiganja kinapokaa unapoandika. Ilimaliza ya mwisho, nyuma sana. MacBook ilianza kwa nguvu na kwa kimya kitupu, kisha baada ya muda ikaanza kujipunguzia kasi. Unapogusa ile sehemu iliyo juu ya kibodi, karibu na bawaba ya skrini, unaelewa kwa nini: haina njia nyingine ya kutoa joto ila kupitia mwili wake wa aluminiamu, na hewa ya chumba yenyewe ilikuwa ya moto. Yangu iliwasha feni, sauti ya chini ambayo huisikii mazungumzo yakiwepo, ikashika mwendo wake hadi mwisho na kumaliza ya kwanza.

Lakini hiyo ni kazi ya mara moja moja. Kazi ya kila siku ni kuandika, kusoma, kufungua kurasa nyingi kwenye kivinjari, WhatsApp, simu ya video na ndugu. Kwa kazi hizo mashine zote mbili za ARM hukaa mapajani juu ya kikoi nyepesi pasi na adha yoyote, na feni ya yangu ni nadra kuwaka. Hilo kwangu lina thamani kuliko dakika zilizookolewa kwenye video.

Kuna faida nyingine ya kutokuwa na feni, au ya kuwa na feni isiyozunguka mara kwa mara, ambayo kwa sisi wa pwani ni kubwa. Feni huvuta hewa, na hewa yetu ina unyevu na chumvi. Nimemtazama fundi mmoja akifungua laptopu ya zamani mbele yangu. Mdomo wa feni ulikuwa umezibwa na vumbi lililoshikana likawa zito kama kipande cha blanketi, lina nyuzi za nguo ndani yake, na mrija wa shaba unaobeba joto ulikuwa na kutu ya kijani. Alilichomoa lile vumbi kwa koleo, likatoka zima zima. Mashine isiyovuta hewa siku nzima hailimbikizi uchafu huo upesi. Matundu ya USB bado yanataka kuangaliwa, kwa maana chumvi huyafikia hata hivyo, hasa kwa wanaokaa karibu na bahari kule Nyali na Likoni.

Upande wa betri sina shaka yoyote. Siku ya kawaida ya kazi naichomoa baada ya swala ya alfajiri, na isha huingia ikiwa bado ina chaji ya kumalizia kazi ya usiku, ilimradi mwangaza wa skrini usiwe juu kabisa. Nikikaa barazani mchana mwangaza lazima upande, na hapo hufika magharibi tu. Ile ya zamani haikuwahi kuvuka adhuhuri, hata betri yake ilipokuwa mpya.

Na kuna jambo ambalo muuzaji halisemi kwa sababu mashine ya maonyesho huwa imechomekwa muda wote. Laptopu nyingi za Intel za miaka iliyopita, ukizichomoa, hujipunguzia nguvu ili kulinda betri. Unaiona kasi dukani, unafika nyumbani, stima inapotea, na kasi inapotea nayo. Mashine hizi za ARM hufanya kazi karibu sawasawa zikiwa na chaja au bila chaja. Ukienda dukani mwombe muuzaji aichomoe, kisha ndipo uijaribu.

Ukiifunika, inalala kweli. Nimekuwa nikiifunika jioni na kuifungua asubuhi nikakuta chaji imeshuka kidogo mno, na skrini inawaka papo hapo kama ya simu. Kwa anayevuka feri kila siku na begi mgongoni, kutokukuta begi limegeuka tanuri ni nafuu kubwa.

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima, na ikaendelea kupotea hivyo tena Novemba na Desemba za mwaka ule ule. Hizo ndizo zilizoandikwa magazetini. Za mtaa mmoja mmoja kila mtu anazijua za kwake. Hapa ndipo chaja ya USB-C inapoonyesha faida. Pawabenki ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74 ndani yake. Toa kinachopotea njiani, zinabaki kama 60, na betri ya laptopu nyembamba nyingi ni wati-saa 50 hadi 70. Maana yake pawabenki moja iliyojaa inakupa karibu siku ya pili ya kazi bila jenereta na bila inveta. Sharti ni moja: pawabenki yenyewe iweze kutoa nguvu ya kutosha. Zile za simu zenye wati 18 huchaji kwa kujikokota, na laptopu nyingine huzikataa. Tafuta ya wati 45 au zaidi kwa Windows. MacBook Air ya M1 ilitoka na chaja ya wati 30 tu, kwa hiyo haina makuu.

Joto hilo hilo huchosha betri, ya ARM au ya Intel. Betri ya lithiamu huzeeka haraka ikikaa imejaa mia kwa mia mahali penye moto, na hayo ndiyo maisha ya laptopu inayoachwa kwenye chaja siku nzima chumbani. Kama mtengenezaji ameweka mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe siku ile ile unayoinunua.

Nimefika sasa kwenye jambo la tatu.

Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Intel haielewi amri za ARM. Ili iweze kwenda, lazima mashine iitafsiri amri kwa amri. Apple huita mtafsiri wake Rosetta 2, Microsoft huita wake Prism, uliokuja na Windows 11 toleo la 24H2. Zote mbili zinafanya kazi nzuri mno, hata mtu asiyeambiwa asijue kwamba kuna tafsiri inaendelea. Na programu nyingi za nyumbani hazihitaji tafsiri tena: Word na Excel, Zoom, VLC, na Chrome tangu Machi 2024, zote zina matoleo ya ARM. Kwenye Windows unaweza kuona mwenyewe. Fungua Task Manager, nenda kwenye orodha ya Details, bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu iitwayo Architecture. Penye ARM64, programu inaongea lugha ya mashine. Penye x64, inatafsiriwa, nayo inakula betri zaidi. Nimekuta programu ndogo niliyoisahau ikitafsiriwa nyuma siku nzima, nikaiondoa, na chaji ikadumu kuliko awali.

Ile fomu ya ritani ya kodi ya Excel yenye makro, inayowasumbua watu kila Juni, ilifunguka na kukubali kwenye Windows ya ARM bila maneno. Kwa mwenye Mac ningesema aijaribu mapema, asingojee tarehe 30 Juni usiku.

Tatizo ni draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa kama printa. Prism hutafsiri programu, lakini haitafsiri draiva zinazokaa ndani kabisa ya mfumo. Draiva lazima iwe imeandikwa kwa ARM tangu mwanzo. Kama kampuni iliyotengeneza kifaa chako haikuiandika, hakuna ujanja, na hakuna fundi wa kukusaidia.

Nyumbani kifaa hicho ni printa. Na mzazi yeyote mwenye mtoto wa mtaala wa umilisi, CBC, anajua printa ina kazi gani. Mtoto anarudi saa kumi na moja jioni, anataka picha za wanyama wa mbugani za rangi, kesho asubuhi. Printa yetu ni leza ya zamani, ya waya wa USB, imara, wino wake unapatikana mjini kwa bei nzuri. Nilipoichomeka kwenye laptopu hii, Windows iliitambua kwa jina lake kamili, ikaonyesha picha yake ndogo, kisha ikaandika kwamba draiva haipatikani. Draiva ya Intel iliyomo kwenye tovuti ya mtengenezaji ilikataa kabisa kusakinishwa. Printa mpya zinazounganishwa kwa waifai huwa hazina taabu hiyo, kwa sababu Windows ina draiva yake ya jumla inayoelewana nazo. Lakini hakuna anayenunua laptopu akitarajia kununua na printa. Sisi tumeiacha printa kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, na faili hupelekwa huko kwa flashi. Majirani wasio na kompyuta ya pili hutuma PDF kwa WhatsApp kwenye duka la saiba la mtaani, wakalipa kwa ukurasa. Inawezekana kuishi hivyo, bali ni gharama, na ihesabiwe ndani ya bei ya laptopu.

Skana za zamani ni hadithi ile ile. VPN za kazini, zile programu za kuingilia mtandao wa ofisi ukiwa mbali, nyingine pia. Programu za kusimamia mitihani ya mtandaoni lazima ziulizwe chuoni kabla, maana baadhi hazikubali ARM na siku ya mtihani si siku ya kugundua hilo. Michezo mikubwa ya kompyuta, hasa ile yenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu, mingine haifunguki. Kijana wa nyumbani akiwa ni wa michezo, muulizeni yeye kwanza. Na anayependa Linux aachane na Snapdragon kwa sasa, kwa kuwa kazi ya kuiunga mkono bado haijakamilika.

Jambo lingine la kuuliza kabla ya kulipa ni RAM. Kwenye laptopu hizi nyembamba RAM imechomelewa kwenye bodi. Tumezoea kununua laptopu yenye GB 4, tukapata pesa baadaye, tukaenda kwa fundi kando ya Barabara ya Digo akaongeza kijiti kwa muda wa kunywa chai. Mazoea hayo hayafai hapa. Utakayonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Laptopu za Windows zenye nembo ya Copilot+ haziruhusiwi kuwa chini ya GB 16, na hilo ni jema. MacBook Air za M1 zilizojaa sokoni nyingi ni za GB 8. Zinatosha kuandikia na kuangalia filamu, lakini ningemshauri anayeweza kuongeza aitafute ya GB 16. Hifadhi ya faili ni afadhali kidogo: laptopu nyingi za Snapdragon zina SSD inayofunguliwa na kubadilishwa, Mac haina.

Sifa za akili bandia zilizobandikwa kwenye sanduku, zile za NPU (sehemu ya chipu ya kazi za akili bandia) yenye uwezo wa TOPS 45, yaani hesabu trilioni 45 kwa sekunde, usizilipie hata shilingi ya ziada. Sijaona kazi ya nyumbani inayozihitaji.

Kwa anayefikiria Mac ya mtumba, na M1 iliyotunzwa ni ununuzi mzuri sana, kuna mitego. Ya kwanza ni kuuziwa MacBook Air ya Intel, kwa sura ni ile ile na bei inavutia. Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba macOS Tahoe ndiyo ya mwisho kuzikubali Mac za Intel. Bofya alama ya tufaha, soma kwenye About This Mac: pakiandikwa Intel, rudisha. Ya pili ni mashine iliyokuwa ya kampuni ughaibuni na bado imefungwa kwenye usimamizi wa kampuni hiyo, au kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Mwambie muuzaji aifute yote na aiwashe upya mbele yako ikiwa na intaneti. Ikidai akaunti usiyoijua, ondoka. Ya tatu ni betri. Mac huonyesha idadi ya mizunguko, na hizi zimekadiriwa mizunguko 1,000. Kwa Windows, fungua dirisha la amri uandike powercfg /batteryreport. Itakutolea ukurasa wenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo wake leo. Namba mbili tu, na muuzaji hana la kuzibishia.

Haki inanitaka niseme pia kwamba Intel haikulala. Septemba 2024 ilitoa Core Ultra 200V, iliyoundwa makusudi kukabiliana na ARM, na laptopu nyembamba zenye chipu hiyo zinakaa na chaji siku nzima pia, hazipati moto wa kuudhi, na zinakubali draiva nyingi za zamani. Kwa video na kazi nzito Snapdragon yenye kora nyingi huipita, na bei ya Snapdragon ilishuka: Januari 2025 Qualcomm ilitangaza chipu ya Snapdragon X kwa ajili ya laptopu za kuanzia karibu dola 600, ambazo kwa shilingi 129 hivi kwa dola wakati ule zilikuwa kama 77,000 kabla ya kodi na usafiri. Lakini mwenye vifaa vya zamani nyumbani ana sababu halali ya kubaki na Intel.

Shangazi ni mmoja wao. Cherehani yake ya kutarizi hupokea michoro kutoka kwenye programu ya Windows aliyoinunua miaka mingi iliyopita kwa pesa nyingi, na programu hiyo haifunguki mpaka uchomeke kifunguo chake cha USB. Kifunguo kina draiva yake, na draiva hiyo ni ya Intel. Nilikwenda na laptopu yangu hadi kibandani kwake tukajaribu. Programu yenyewe ilifunguka, Prism ikaitafsiri vizuri, ukurasa wa maua ya kifuani mwa kanzu ukaonekana, kisha likaja dirisha la kusema kifunguo hakipo, na kifunguo kimechomekwa pale ubavuni, taa yake haiwaki.

"Basi hii yako siitaki," akasema, akakichomoa kifunguo na kukirudisha kwenye kikopo cha vifungo.

Nimemwambia achukue yenye Core Ultra 200V, RAM GB 16, na ahakikishe ina tundu la USB la kawaida, si USB-C peke yake, maana kifunguo chake ni cha aina ya zamani. Binti yake, anayeanza chuo na hana printa wala kifunguo, nimemwambia achukue ya ARM.